Maji Moto Hayachomi Nyumba: Sayansi ya Jikoni na Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Wahenga walinena kwamba maji moto hayachomi nyumba. Methali hii hufunzwa darasani kwa namna moja tu. Mwalimu huiandika ubaoni, wanafunzi hutakiwa kutoa maana ya juu na maana ya ndani, kisha hutajwa matumizi yake: vitisho vya asiye na uwezo havimdhuru mtu. Maana ya juu hupitiwa kwa sentensi moja, maana ya ndani huandikiwa ukurasa mzima, na somo likafungwa. Ni nadra mno kumsikia mwanafunzi akiuliza swali la kitoto ambalo ndilo mlango wa elimu: kwa nini maji moto hayachomi nyumba? Maji hayo humbabua mtu ngozi na huivisha muhogo. Mbona yakimwagika juu ya makuti hayawashi moto?

Jibu lake si gumu. Maji yaliyo katika sufuria wazi mjini Malindi au Kilifi, mahali palipo karibu na usawa wa bahari, huchemka yakifika nyuzi 100 za Selsiasi. Yakishafika hapo, hata kuni ziongezwe na moto upepewe mpaka mafiga yawe mekundu, maji hayazidi ukali wake. Joto lote linaloongezwa hutumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Makuti makavu nayo hayashiki moto mpaka yapate nyuzi zaidi ya 200. Kwa hivyo maji hufika kikomo chake kabla makuti hayajafika chao. Aliyeitunga methali hii hakuwa na kipimajoto, lakini alikuwa na macho na alikuwa na meko.

Makala haya yanashikilia kwamba Kiswahili cha pwani kimehifadhi elimu kubwa ya moto na vioevu, na kwamba wanafunzi wa Kiswahili vyuoni wameiacha elimu hiyo mlangoni mwa jikoni kana kwamba si yao. Wamejifunza kuyasifu maneno ya wahenga, ila hawajajifunza kuyauliza. Hasara ya kuyaacha maswali hayo haimwangukii mwanachuo mwenyewe. Humwangukia mtoto anayesoma Sayansi kwa lugha asiyoisikia nyumbani kwao.

Atazamwe mama karanga. Hilo ndilo jina wanaloitwa, katika vituo vya wavuvi vya pwani hiyo, wanawake wanaonunua samaki ufuoni wakawakaanga na kuwauza. Karai lake li juu ya mafiga, kuni zinawaka, mafuta yamo ndani. Kabla ya kutia samaki, huhakikisha kwamba wamechujika maji. Halafu husubiri. Wapo jikoni wanaosema mafuta "yamechemka", lakini usemi mwingine umeenea vilevile: mafuta "yamepata moto". Mwanafunzi wa isimu angeweza kuipita tofauti hiyo akidhani ni visawe viwili. Mwanafizikia hawezi kuipita, kwa sababu usemi mmoja ni sahihi na mwingine si sahihi. Mafuta ya kukaangia hayachemki karaini. Samaki hukaangwa katika mafuta yenye nyuzi 170 hadi 190 hivi, na katika ukali huo mafuta yenyewe hutulia kimya. Povu na mchachatiko unaozuka samaki anapotumbukizwa si mchemko wa mafuta. Ni mchemko wa maji yaliyomo katika samaki, ambayo yamezidiwa na joto, yakageuka mvuke, nayo yanatoka mbio kwa viputo. Viputo vikipungua na sauti ikififia, maana yake ni kwamba maji ya upande wa nje yamekwisha, ngozi imekauka, na samaki yu tayari kugeuzwa au kuopolewa. Mama karanga huyajua hayo kwa sikio. Hahitaji kuchungulia.

Mtu huyo huyo anajua kwa nini samaki wa majimaji ni hatari. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hivyo tone likiingia karaini huzama. Huko chini hukutana na joto lililozidi sana kiwango chake cha kuchemka, likageuka mvuke kwa ghafla, na mvuke huo huhitaji nafasi kubwa mara 1,600 hivi kuliko maji yaliyouzaa. Ukitafuta njia ya kutokea huyarusha mafuta yaliyo juu yake. Mkono wa mpishi huungua, au uso wa mtoto aliyesimama karibu. Na iwapo mafuta yameshika moto kisha mtu mwenye hofu akayamwagia ndoo ya maji, basi mafuta yanayowaka hutapakaa hewani, na moto wa karai hugeuka moto wa nyumba. Hapo methali inahitaji tanbihi. Maji moto hayachomi nyumba, lakini maji baridi yaweza kuichoma, yakitiwa mahali pasipo pake. La kufanya ni kuufunika moto huo kwa mfuniko na kuzima jiko, wala karai lisisogezwe. Maarifa haya yafaa yawepo katika kila nyumba yenye karai. Yapo katika vitabu, tena kwa maelezo mazuri, ila katika lugha ambayo bibi mwenye karai hakuisomea.

Kutoka karaini na twaa lijongee kwenye chuma cha kupikia chapati. Mpishi akitaka kujua kama chuma kimepata moto, huchovya vidole majini akakinyunyizia. Kama chuma ni vuguvugu tu, tone hutandaa na kukauka polepole bila kelele. Kama kimepita nyuzi 100 kwa kiasi, tone hulia chwaa, likatokota na kutoweka kwa muda mfupi. Kufikia hapo mtu angetarajia kwamba chuma kikizidi kupata moto, tone nalo litazidi kutoweka upesi. Sivyo. Chuma kikikaribia nyuzi 200 au kuzidi hapo, kwa kutegemea ulaini wa uso wake, tone halilii tena. Hujikusanya likawa kitufe kama ushanga, likakimbia huku na huko juu ya chuma, na huweza kudumu nusu dakika au zaidi kabla ya kwisha. Chuma chenye moto zaidi hulikausha tone kwa muda mrefu zaidi.

Sababu yake ni mvuke. Tone linapokaribia chuma kikali namna hiyo, upande wake wa chini hugeuka mvuke mara moja, na mvuke huo hutandika mkeka mwembamba, usiozidi sehemu ndogo ya milimita, kati ya tone na chuma. Mvuke haupitishi joto kwa urahisi. Tone basi huelea juu ya mvuke wake lenyewe, likilindwa na kile kile kinachotishia kulimaliza. Kwa kuwa halikigusi chuma, hakuna cha kulizuia lisiteleze. Mhunzi naye hukutana na jambo hili anapokitia majini chuma chekundu. Akikishika palepale, mvuke hukifunika na kupoa kwake huchelewa. Ndiyo maana hukitikisa ndani ya maji, ili aupasue ule utando.

Wataalamu wa fizikia hulitaja jambo hili kwa jina la Johann Gottlob Leidenfrost, tabibu na profesa wa Duisburg katika nchi ya Wajerumani, ambaye mwaka 1756 alichapisha kitabu kuhusu sifa za maji. Chombo chake kilikuwa cha jikoni: kijiko cha chuma alichokichoma motoni mpaka kikawa chekundu, akakidondoshea tone la maji na kuhesabu muda. Tone lake la kwanza lilidumu zaidi ya nusu dakika. Ni muhimu kwa msomaji wa jarida la Kiswahili kukumbuka kwamba Leidenfrost hakuandika kitabu hicho kwa Kijerumani. Alikiandika kwa Kilatini, kwa kuwa wasomi wengi wa zama zake waliona kwamba elimu nzito huandikwa kwa Kilatini. Hata tafsiri ya Kiingereza ya sehemu ya kitabu hicho ilichapishwa mwaka 1966, yaani miaka 210 baadaye. Wala leo hakuna anayedai kwamba Kijerumani hakifai kwa fizikia. Lugha haizaliwi ikiwa na istilahi. Huzipata kwa kutumiwa na watu wenye jambo la kueleza.

Afrika Mashariki nayo ina ushahidi wake. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya Magamba huko Tanganyika, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Kwa kuchelea kukosa nafasi katika jokofu, aliuingiza mchanganyiko wake wa maziwa na sukari ungali moto, nao ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ulioingia ukiwa baridi. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, na wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akalifanyia swali hilo majaribio, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala. Wanasayansi wangali wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli na kwa sababu gani, lakini jina la Mpemba limeingia katika vitabu vya fizikia vya lugha nyingi. Lililo muhimu zaidi kwa makala haya ni kwamba Mpemba alisimulia kuwa watengenezaji wa aiskrimu wa Tanga walikuwa wakiiingiza ikiwa moto ili igande upesi. Walijua. Hakuna aliyekuwa amewauliza.

Je, ni nani awaulize? Jibu la haraka ni kwamba hiyo ni kazi ya idara za fizikia. Lakini mwanafizikia hana ujuzi wa kusikiliza lugha, na ujuzi huo ndio mali ya mwanafunzi wa Kiswahili. Msamiati wa moto na vioevu ni mpana kuliko vile kitabu cha shule kinavyoonyesha. Maji huchemka, hutokota yanapotoa viputo, hufoka yanapopanda na kumwagika nje ya chungu. Kutokosa muhogo si sawa na kuukaanga, wala kuukaanga si sawa na kuuoka au kuubanika. Barafu na samli huyeyuka, kisha huganda tena. Tui lisipokorogwa jikoni hukatika, yaani mafuta na maji yaliyokuwa yamechanganyika hutengana, na neno hilo moja, kukatika, hubeba maelezo ambayo Mwanakemia hutumia aya nzima kuyatoa. Wali ulioshika chini ya sufuria huacha ukoko, na ukoko ni kumbukumbu ya mahali ambapo maji yalikwisha kabla ya moto kupunguzwa.

Zaidi ya hayo, ziko tofauti ambazo mazingira yenyewe ya pwani huzifundisha. Gongoni na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana ya chumvi na kuachiwa jua na upepo. Katika kila kilo ya maji hayo mna gramu 35 hivi za chumvi. Maji hayo hayachemki hata siku moja, lakini huondoka yote yakawa mvuke, na chumvi ya kula huanza kujitenga pale ambapo takriban sehemu tisa kati ya kumi za maji zimekwisha kwenda. Mtoto anayepita kando ya mabwawa hayo kila asubuhi anaona kwa macho yake tofauti kati ya kuchemka na kuvukiza: maji yanayochemka hugeuka mvuke hata ndani yake, kwa viputo, katika kiwango maalumu cha joto, yanayovukiza huondokea juu tu, kimyakimya, katika joto lolote. Anapofika darasani hukuta tofauti hiyo imeandikwa kwa maneno mawili ya Kiingereza ambayo huyakariri kwa ajili ya mtihani. Akiulizwa mfano, hutaja kettle ya umeme iliyochorwa kitabuni. Hataji mabwawa, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba mabwawa nayo ni sayansi.

Hapana budi kuzikabili pingamizi, maana zipo na zina uzito. Ya kwanza ni kwamba kazi hii ilikwisha kujaribiwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kabla ya hapo, mwaka 1982, tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumiwe kufundishia hata katika shule za sekondari za Tanzania, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Istilahi zilitungwa, madarasa ya sekondari yakabaki na Kiingereza. Pingamizi hili ni la kweli, lakini funzo lake silo lile linalotolewa kwa kawaida. Halionyeshi kwamba istilahi za Kiswahili hazifai. Linaonyesha kwamba kamusi peke yake haitoshi. Neno linahitaji maandishi ya kusomeka yanayolitumia, na maandishi hayo yanahitaji waandishi.

Ya pili ni kwamba lugha ya jikoni ni legevu. Neno "moto" hutaja mwako na pia hutaja ukali wa kitu; neno "joto" hutumiwa kwa nishati yenyewe na kwa kipimo cha ukali wake. Hilo nalo ni kweli, na si dogo. Cheche inayoruka kutoka katika makaa ina ukali mkubwa sana kuliko karai la maji yanayochemka, lakini ikimwangukia mtu mkononi humshtua tu, ilhali maji ya karai yatampeleka hospitali. Cheche ina kiwango kikubwa na nishati ndogo. Asiyezitenga dhana hizo mbili hawezi kuielewa fizikia ya joto. Ndiyo maana waandishi wa Kiswahili walibuni "halijoto", na wengine "jotoridi". Kukubali kuwa jikoni hakutoshi si kukubali kuwa jikoni hakufai. Msingi si nyumba, lakini nyumba isiyo na msingi inajulikana mwisho wake.

Ya tatu, ambayo husemwa na wazazi kuliko wasomi, ni kwamba mtihani wa Sayansi nchini Kenya huandikwa kwa Kiingereza, na mtoto akifundishwa kwa Kiswahili ataachwa nyuma. Makala haya hayadai kwamba mtihani ubadilishwe kesho. Yanadai jambo dogo zaidi: mtoto apate mahali pa kuielewa dhana kwa lugha anayoifikiria, kisha aieleze kwa lugha ya mtihani. Anayelijua tone linavyoelea juu ya chuma hatashindwa kulitaja kwa Kiingereza. Anayelijua jina lake kwa Kiingereza tu anaweza kuishi miaka mingi kando ya chuma cha mama yake asilione.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza, licha ya kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Kila mwaka tangu hapo hutolewa hotuba nyingi za kukitukuza Kiswahili. Sifa hizo ni haki yake. Hata hivyo, lugha haikui kwa kusifiwa. Kwa upande mwingine, maktaba za vyuo zinazidi kujaa tasnifu zinazochambua dhamira, wahusika na taswira katika riwaya zile zile, huku msamiati wa bibi anayejua kukamua tui, kupalia makaa na kusikiliza karai ukienda naye kaburini. Anayesoma fasihi hawezi kujitetea kwamba hayo ni ya wanasayansi. Methali ni fasihi, na maana yake ya juu ndiyo inayoibeba maana ya ndani. Asiyejua kwa nini maji moto hayachomi nyumba amekariri fumbo bila kulifumbua.

La kufanya liko karibu. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili viweke kazi moja katika kila likizo: kila mwanachama akusanye kwao maneno kumi ya moto, maji, mafuta na mvuke, aandike lilivyotumika katika sentensi iliyosemwa kweli, na mahali liliposemwa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani wana Kilifi mlangoni mwao, na Malindi, Mambrui na Takaungu haziko mbali. Huko Kiswahili huishi bega kwa bega na Kigiriama, Kichonyi na Kikauma, na huenda kikaazima kwa jirani neno ambalo hakina. Maneno hayo yapelekwe kwa walimu wa fizikia na kemia ili wayapime: lipi linabeba dhana moja tu, lipi linahitaji kupunguzwa maana, lipi halifai. Kisha kila chama kitoe ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiswahili, wa kusomwa na mtoto wa darasa la saba na mama yake pia. Ukurasa wa kwanza ueleze kwa nini moto wa mafuta hauzimwi kwa maji. Huo pekee waweza kuokoa nyumba.

Ama jina la lile tone linalokimbia juu ya chuma, wapo watakaoridhika na "athari ya Leidenfrost", na si kosa, kwa kuwa mgunduzi ana haki ya kukumbukwa. Wengine wanaweza kupendekeza "mweleo wa tone", kwa kuwa tone huelea. Bora zaidi ni kumwendea anayepika chapati na kumuuliza yeye huliitaje. Huenda ana jina. Huenda hana, akacheka, akasema hakuwahi kufikiri kwamba jambo hilo lahitaji jina. Vyovyote iwavyo, swali litakuwa limeulizwa. Kazi hiyo haihitaji ruzuku wala kongamano. Yahitaji daftari, kalamu, na mtu aliye tayari kukaa kando ya mafiga bila kujifanya anajua.